Uzi Mweupe kwenye Mfuko Mweusi

Moto ukishazimwa ndipo unapoanza kusema, na wa kuusikiliza ni mtu asiye na haraka. Ndiyo maana alitumwa Afande Taratibu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kumcheka, maana hata chai huipuliza mpaka ikapoa kabisa, kisha akalalamika kwamba imepoa. Lakini mahali pakiteketea na kila mmoja akaanza kumnyooshea mwenzake kidole, huyo huyo ndiye anayeitwa.

Karakana ilikuwa ya kutengeneza viti vya magurudumu vya watoto. Viti vyepesi, mama anakinyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umembeba mtoto. Wepesi huo ni wa magnesiamu iliyochanganywa na alumini kidogo na zinki, mabomba membamba yanayounganishwa kwa leza. Ni madini mazuri, ila yana hasira. Bomba zima halina neno. Unga wake, ule moshi mweusi unaotua baada ya kuchomelea, huo ndio wa kuogopwa.

"Afande, hapa hakuna cha kuchunguza," Bosi alisema hata kabla ya salamu kuisha. Alikuwa mtu wa miwani minene na funguo nyingi kiunoni. "Binti mwenyewe amekiri. Alisahau kufungua gesi ya agoni inayokinga mshono, hewa ikaingia, moto ukalipuka. Cheti chake cha kuchomelea nakirudisha kwa waliompa. Leza hataigusa tena, hapa wala kwingine."

"Yuko wapi?"

"Hospitali. Ameungua mikono yote miwili. Mungu saidia, miwani ya leza aliivaa, macho yako salama."

Binti huyo walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa leza kuliko wote pale, na hilo hata maadui zake hawakulipinga.

Afande aliusukuma mlango ukafungika, kelele za barabarani zikapungua. Upande wa ndani wa mlango palikuwa na bango jekundu lenye maandishi manene: MAJI MARUFUKU HUMU. MOTO WA MAGNESIAMU NI MCHANGA MKAVU TU. Alilisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, mpaka Bosi akakohoa.

"Kila anayefanya kazi humu anaona bango hilo," Bosi alisema. "Leza ikiwaka mlango lazima ufungwe, kwa hiyo linakutazama kutwa." Kisha akainama sikioni. "Na huyo pale umwangalie. Leza ilikuwa yake kabla sijampa binti. Nilipomhamishia kwenye kukata mabomba aliapa hatasahau."

Aliyesemwa alikuwa jamaa mrefu, mwembamba, wanamwita Msumari. Alikuwa anachota mchanga sakafuni na kuurudisha kwenye ndoo zake.

"Unampenda Cheche?" Afande alimuuliza.

"Kumpenda? Afande, yule ananizidi kazi na ananizidi mdomo. Simpendi hata chembe."

"Nyusi zako ziko wapi?"

Msumari alijipapasa juu ya macho, palikuwa laini kama yai. "Zilibaki pale nilipoingia kumtoa."

Afande alitikisa kichwa. "Na maji ulimwaga wewe?"

"Maji? Mimi nilimwaga mchanga. Kumwagia magnesiamu maji ni kuiongezea kuni. Mtoto mdogo anajua."

"Mtoto gani?"

"Basi, mtoto wa humu ndani," alisema Msumari. "Wa nje atajuaje?"

Afande alipiga magoti palipokuwa na mashine. Majivu ya magnesiamu ni meupe kama unga wa ngano, na yalikuwa yametanda sakafu nzima. Akapuliza taratibu. Chini ya majivu yakajitokeza madoa ya mviringo yaliyokauka, kila moja na ukingo mweupe kama pete. Akapuliza tena mbele kidogo, mengine. Yalitoka mlangoni, yakapita pembeni ya meza, yakaishia kwenye sanduku la chuma linalofyonza moshi wa leza. Alikwangua doa moja kwa kucha na kunusa.

"Sabuni," alisema. "Na iko chini ya majivu. Maji yalitangulia, moto ukafuata."

Bosi alimgeukia Msumari. Msumari akainua mikono yote miwili. "Msinitazame mimi. Waulizeni wenzangu kama nimewahi kushika sabuni."

Juu ya meza palibaki kipande cha majaribio, vibati viwili vilivyoungwa nusu tu. Kila asubuhi Cheche huanza na kipande kama hicho kabla ya kugusa kiti cha mtoto wa watu. Afande alikigeuza mwangani.

"Mshono usio na gesi unakuwaje?"

Msumari akafukua kwenye pipa la vyuma vibovu, akarudi na kimoja. Kilikuwa cheusi, kina vishimo kama mkate. Cha Cheche kiling'aa, mawimbi yake madogo yamelaliana kama magamba ya samaki, mpaka mahali pale ghafla kilipokatika.

"Kwa hiyo gesi ilikuwa wazi," Afande alisema.

Msumari alikitazama kwa muda, wivu ukapita usoni mwake, na baada ya wivu kitu kingine. "Ilikuwa wazi. Mshono huu hata mimi siuwezi. Lakini si amesema mwenyewe kwamba..."

"Amesema. Sijajua amesema kwa nini."

Mtungi wa gesi aliupima, haukuwa na kasoro. Akamalizia na sanduku la moshi. Mlango wake ulikuwa umefumuka kwa nje, kama teke limetoka ndani. Ndani hukaa mfuko wa kitambaa unaochuja moshi. Mfuko wote ulikuwa umeungua, isipokuwa shingo yake iliyobanwa na pete ya chuma. Aliilegeza pete kwa koleo, akatoa kipande hicho. Kilikuwa cheusi tii, na katikati ya weusi ule palikuwa na mshono wa uzi mweupe, umepita huku na huku kama nyayo za kuku.

"Mifuko hii mnaishona?"

"Hatuishoni wala hatuifui," alisema Msumari. "Ukijaa tunautoa polepole, tunaufungia kwenye debe, tunaweka mpya."

"Na huu ulikuwa mpya?"

Msumari alitazama viatu vyake. Bosi akazitazama funguo zake.

"Mpya umechelewa kuletwa," Bosi alisema.

*

Wodini, Cheche alikuwa amelazwa chali, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko na kulazwa juu ya mito kama vitoto viwili. Kwenye kingo za nywele majivu meupe yalikuwa bado hayajatoka. Alikuwa msichana mdogo kuliko sifa zake.

"Shikamoo, Afande. Samahani, leo sitoi mkono."

"Marahaba. Hata mimi sijaja kuomba." Afande alivuta kiti, akakilaza kile kipande cha majaribio juu ya shuka. "Gesi uliisahau?"

"Niliisahau."

"Halafu mshono huu ukajichomelea wenyewe."

Cheche alikitazama. Mtu akiona kazi ya mikono yake, uso haudanganyi. "Labda iliisha katikati," alisema.

"Mtungi umejaa."

Alikohoa, kikohozi cha kukwaruza, kisha akageuzia uso ukutani. "Afande, sema tu ni mimi. Tafadhali."

"Nikisema ni wewe, leza hutaishika tena."

"Najua."

"Daktari anasema vidole vitapona."

"Kaniambia."

"Vipone, kisha vikae bure?"

Chini ya kitanda palikuwa na mfuko wenye nguo alizokuja nazo, ovaroli ya bluu iliyokatwa kwa mkasi na manesi. Afande aliivuta. Kwenye kiwiko palikuwa pameshonwa kiraka, kwa uzi mweupe, nyayo za kuku.

"Nani anakushonea?"

"Dukani," alisema haraka mno.

"Duka gani linashona nguo ya bluu kwa uzi mweupe?"

Hapo machozi yakamtoka. Kwa kuwa alikuwa amelala chali, yalitelemka kwenye masikio, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Afande Taratibu akatoa leso yake, akamfuta upande huu, akazunguka kitanda akamfuta upande wa pili, wala hakumuuliza swali jingine.

"Usiende nyumbani," Cheche alinong'ona. "Afande, nakuomba. Yeye hajui."

*

Uani palikuwa na kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, na ovaroli za bluu zimening'inia miguu juu kama watu waliochoka. Mama yake Cheche alikuwa dobi. Alifulia mafundi wa karakana ile, Jumamosi anachukua, Jumatatu asubuhi anarudisha kabla hawajafika; hizi zilikuwa za siku ya moto. Mtaani walikuwa na usemi kwamba huyu mama hata giza ukimpa atalifua litakate.

Alipomwona mgeni alisimama, povu likimdondoka viwikoni. "Amekula?"

"Amekunywa supu, mama."

"Amemaliza?"

"Nesi anasema nusu."

"Huyo, nusu ndiyo kumaliza kwake." Akamwekea kigoda na kumletea chai. Afande akaanza kuipuliza. Juu ya kamba, kila palipokuwa na kiraka palikuwa na uzi mweupe.

"Mbona unatumia uzi mmoja kwa nguo zote?"

"Macho yangu yameanza kuchoka. Mweupe nauona ninapopita na ninapoishia." Alicheka kidogo, kisha cheko likamwishia. "Afande, naomba nikuulize jambo linalonikosesha usingizi. Ule uchafu mweusi ndio uliolipuka, sivyo? Maana nilichelewa. Ningeufua mwezi uliopita mtoto asingeungua."

Kikombe kilisimama karibu na mdomo wa Afande. "Ulifua nini, mama?"

"Ule mfuko wa kwenye sanduku lao. Alikuwa anakohoa. Kila akirudi, leso nyeusi. Nikamwambia, mwanangu, mwambie bosi wako. Anasema ameshamwambia, mpya uko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Basi Jumamosi nilipofuata nguo nikaufungua mwenyewe, nikautia kwenye furushi. Maji yake yalikuwa kama wino, Afande. Nikafua mpaka yakawa meupe, nikabana palipochanika. Jumapili mvua ikashinda inanyesha, haukukauka sawasawa. Jumatatu alfajiri nikaurudisha hivyo hivyo na unyevu wake, nikafunga sanduku. Nikajiambia si utakaukia mle mle, si kuna joto?"

Aliyasema yote bila kificho, kama mtu anayesimulia alivyomfunika mtoto blanketi. Mwenye mtoto asimcheke. Nani hajawahi kusafisha kitu asichokijua kwa kumwonea mtoto uchungu?

"Bango la mlangoni hukuliona?"

"Bango gani?"

"Jekundu. Linakataza maji."

"Mlango ule naupita tangu mwanangu hajaajiriwa. Sijaona bango, jekundu wala la kijani."

Afande alikiweka kikombe chini. Chai ilikuwa imepoa na safari hii hakulalamika. Angeweza kuinuka, kuaga, kumwachia binti uongo wake. Mama angebaki na usingizi wake, na binti angekaa na vidole vilivyopona visivyo na kazi. Alikaa pale mpaka nguo moja ikaacha kudondosha maji.

"Mama, unataka kujua, au niondoke?"

Mama alimtazama. Akatoa mikono kwenye beseni, akaifuta kwenye gauni lake, kidole kimoja kimoja.

"Niambie."

"Ule unga si masizi ya jikoni. Ukiulowesha unatoa gesi, polepole, huioni wala huinusi. Chini ya sanduku kulikuwa na unga mwingine umejaa, na mfuko ulikuwa unaudondoshea maji. Gesi ikafungiwa mle ikingoja. Alipowasha leza, cheche moja ikavutwa pamoja na moshi mpaka ndani ya sanduku."

Nguo kwenye kamba zilitikisika na kutulia.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mama.

"Ni maji, mama."

"Maji hayana miguu, Afande. Niliyapeleka mimi." Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu iliyolowa. "Na yeye anajua? Nilipomwambia wodini kwamba niliufua, aligeukia ukutani."

"Anajua. Ndiyo maana anasema kosa ni lake."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto huyu. Alipokuwa mdogo, akivunja kikombe anasema ni paka. Leo nimevunja mimi, anasema ni yeye."

*

Afande hakumpeleka kituoni. Alimpeleka karakana, akamtwika furushi la nguo kichwani, akamwambia aingie kama alivyoingia Jumatatu. Bosi na Msumari walisimama ndani karibu na mashine.

Mama alikuja na furushi, mkono mmoja umelishika, wa pili una ndoo ya vibanio. Kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu, aligeuka, akausukuma mlango kwa mgongo. Mlango ukafunguka wote ukaenda kulala ukutani. Akapita, akatua mzigo wake juu ya meza.

"Unaporudi kutoka?" Afande aliuliza.

"Nauacha wazi hivyo hivyo. Mafundi wanapenda hewa iingie."

"Bosi," Afande alisema, "nionyeshe bango."

Bosi alinyoosha mkono. "Si hilo hapo mla..." Kidole kikabaki hewani. Upande wenye bango ulikuwa umebanana na ukuta, hata ukingo mwekundu hauonekani. Miaka yote hiyo, kwa mama huyu mlango ule ulikuwa na upande mmoja tu.

"Nani alimwambia kwa mdomo?"

"Afande, yeye si fundi. Yeye anafua tu."

"Anafua unga wa magnesiamu kwenye nguo zenu kila wiki. Beseni lake halijalipuka kwa sababu lina maji mengi na liko uani penye upepo. Mmemwachia bahati ifanye kazi ya kumwambia. Na mfuko mpya?"

Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Msumari ndiye aliyejibu.

"Binti alimwambia umejaa. Na mimi nilimwambia. Simpendi, lakini alisema kweli."

"Basi ripoti yangu itakuwa hivi," Afande alisema. "Mama alifua mfuko na kuurudisha na maji, hilo silifichi. Hakuambiwa, na bango linajificha kila mlango ukifunguliwa, hilo nalo silifichi. Mfuko ulijaa, mafundi wakasema, mpya haukuletwa. Na gesi ilikuwa wazi, ushahidi ni mshono wenyewe. Atakayeyasoma yote, jina atakaloanza nalo si la mama wala la binti."

Mama hakuonekana kusikia habari yake mwenyewe. "Na cheti cha mtoto?"

Wote wakamtazama Bosi. Funguo zikalia kiunoni. "Kitabaki kwake," alisema hatimaye. "Akipona, leza ni yake."

"Mpaka apone nitaishika mimi," alisema Msumari. "Nitamrudishia leza yake nyusi zangu zikiota."

"Na bango?" Mama aliuliza. "Mnalipeleka wapi?"

Msumari alikuwa ameshachukua bisibisi.

*

Jioni haijaingia walifika wodini. Cheche alimwona mama yake, kisha akamwona aliyeongozana naye, na uso ukambadilika.

"Umemwambia," alimwambia Afande. "Nilikuomba."

"Nilimuuliza mwenyewe," mama alisema. "Na wewe ulitaka nife sijui?"

"Nilitaka ulale, mama. Basi."

"Ningelala, halafu? Jumamosi ijayo nikaona mfuko mwingine mweusi?" Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ningeufua. Unanijua. Ningeufua mpaka utakate, nikamrudishia mtoto wa mwenzangu. Kuna kitu cha kumfichia mama, mwanangu, lakini si moto."

Cheche alimwinulia mkono wenye bandeji.

"Mama, usilie."

"Silii. Macho yangu yamechoka, nilishakwambia." Alimkagua usoni, akaona yale majivu meupe kwenye kingo za nywele. "Hawa hawajakuosha?"

Nesi alikuwa ameacha beseni dogo na kitambaa juu ya kabati. Mama alikichukua kitambaa. Akakipeleka juu ya maji, mkono ukasimama. Mwanamke aliyekuwa akifua tangu ujana wake alisimama juu ya beseni dogo kama mtu aliye juu ya kisima kirefu, kitambaa kikavu mkononi.

Afande Taratibu alifika mlangoni. Kabla ya kutoka aliugeuza mlango akautazama upande wa nyuma, kwa mazoea tu. Haukuwa na kitu.

"Lowesha, mama," Cheche alisema. "Mimi si magnesiamu."

Mama alicheka, cheko lenye kilio ndani yake. Akakitumbukiza kitambaa, akakikamua mpaka tone la mwisho, akakikamua tena, kisha akaanza kwenye paji la uso, taratibu, akifuata majivu mpaka yalipoishia.